Treni Isiyokuwa Yetu: Kuisoma Picha Moja ya Stesheni

Sisi wanafunzi wa fasihi tumezoea kuambiwa kwamba kazi ya mhakiki ni kusoma maandishi, au kusikiliza masimulizi. Katika makala haya nakusudia kuichukua picha moja ya familia yetu, picha ya rangi nyeusi na nyeupe, niisome kama tunavyosoma hadithi: nani anasema, anamwambia nani, na nini kimeachwa nje. Sifanyi hivyo kwa mchezo. Picha hiyo imezua ugomvi nyumbani, na katika ugomvi huo nimejifunza jambo la historia ambalo darasani lilinipita.

Picha yenyewe haizidi kiganja cha mkono. Nyuma yake imeandikwa kwa penseli: "Stesheni, 1963". Babu amesimama kushoto, suruali pana, shati jeupe limefungwa vifungo mpaka shingoni. Bibi yuko katikati, kajifunga kanga na nyingine kajitanda, mkononi ana kapu. Mbele yao wapo shangazi zangu wawili, mmoja amefumba macho. Nyuma yao kuna behewa, na dirishani mwa behewa hilo inaonekana taa ndogo ya meza. Miaka yote picha hii ilikuwa ukutani, na kila mgeni aliambiwa maneno yaleyale: hii ndiyo siku Babu alipoipeleka familia Pugu kwa treni, kutembea tu. Wageni wakitikisa vichwa: "Zamani watu waliishi, bwana!"

Nami niliamini hivyo. Taa ile ya meza niliifanya ushahidi. Nikajijengea safari nzima kichwani: viti vya sponji, chai ya maziwa, Babu anasoma gazeti. Basi likizo moja nikamwuliza Bibi habari za behewa lile. Akacheka.

"Lile si letu, mume wangu. Ile ilikuwa treni ya bara, imesimama zake. Yetu ilikuwa upande wa pili. Yule kijana wa kamera alisema kwetu hakufai, kuna mizigo na matenga ya kuku. Akatusogeza pale penye mwanga. Na hiyo taa ni ya behewa la kulia chakula. Humo sijapata kutia mguu mpaka leo."

Hapo ndipo picha ilipoanza kusomeka. Treni inayoonekana si yao, na treni yao haionekani.

Tuitazame historia kidogo. Reli ya Kati ilianza kujengwa na Wajerumani Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro 1907 na Kigoma 1914. Haikujengwa ili watu wakatembee Pugu. Ilikuwa ya kushusha mazao pwani na kupandisha askari na utawala bara. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza ikawa mikononi mwa Waingereza, na mwaka 1948 reli za Tanganyika ziliunganishwa na zile za Kenya na Uganda chini ya shirika moja la Afrika Mashariki. Katika enzi hiyo mabehewa yalikuwa na madaraja matatu. Kwa desturi la kwanza lilikuwa la Wazungu, la pili la Waasia, na la tatu la Waafrika. Hata injini zilibeba majina ya watawala: injini za daraja la 60, zilizoanza kazi katika miaka ya 1950, zilipewa majina ya magavana wa Kenya, Uganda na Tanganyika, na baadaye vibao hivyo viling'olewa.

Kwa hiyo mwaka 1963 uhuru ulikuwa umekuja, lakini mabehewa yalikuwa yaleyale. Rangi ya ngozi haikuwa tena kizuizi mlangoni. Kizuizi kilikuwa mfuko. Bibi anasema Babu, ambaye alikuwa fundi mdogo wa karakana ya reli, alipata pasi ya kusafiri na familia yake, daraja la tatu. Na hapa aliniambia jambo ambalo halimo pichani kabisa:

"Miaka yote babu yako anatengeneza mabehewa, anarudi ananuka grisi, na wanawe hawajapanda hata moja. Mwaka wa mgomo ndiyo kabisa, tulikula mihogo mpaka watoto wakaichukia. Mgomo ulipokwisha akasema, ipo siku mtapanda."

Mgomo anaoutaja ni ule wa wafanyakazi wa reli wa Tanganyika wa mwaka 1960, uliodumu majuma mengi na ambao madai yake yalikuwa mishahara na heshima kazini. Vitabu vya historia huutaja kama sehemu ya harakati za vyama vya wafanyakazi kuelekea uhuru. Kwa Bibi mgomo ni mihogo. Nadhani wote wawili wanasema kweli, ila picha haisemi lolote juu yake. Pugu ni kilomita 20 hivi kutoka mjini. Walifika, wakakaa chini ya mwembe, wakala wali na samaki waliokuwa kapuni, wakarudi jua limeshazama. "Pugu hatukufuata kitu," anasema Bibi. "Tulifuata treni."

Sasa niseme juu ya huo weusi na weupe. Wengi hudhani kwamba picha za aina hii ni za kweli zaidi, eti hazina mapambo. Mimi naona kinyume chake. Filamu ya zamani iliposafishwa katika chumba cha giza, rangi zote za dunia ziligeuka kijivu, na nyekundu na kijani iliyokoza zingeweza kutoka katika kijivu kilekile. Grisi kwenye kucha za Babu haionekani. Kiraka cha shati hakionekani. Jina la kanga ya Bibi limekunjwa, halisomeki. Picha imewasawazisha wote, behewa la matajiri na familia ya fundi, kana kwamba vilikuwa vitu vya nyumba moja. Ndiyo maana sisi wajukuu tunaipenda. Inatuachia nafasi ya kujaza, na sisi tunajaza starehe.

Ugomvi niliousema ulianza hapo. Mwaka 2024, treni ya umeme ya reli mpya ilipoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro, binamu yangu mmoja aliipanda na wanawe, akapiga picha za rangi nyingi sana kwa simu. Akaona vizuri picha ya zamani nayo ipate rangi ili zitundikwe pamoja. Akaipitisha kwenye programu ya kompyuta. Kanga ya Bibi ikatoka buluu. Behewa likawa kahawia. Shangazi mkubwa akasema kanga ilikuwa ya kijani, anaikumbuka vizuri. Bibi akaitazama muda mrefu, akauliza: "Huyu ni nani?" Kisha akasema kanga yake ilikuwa nyekundu, na kwamba injini za siku zile zilikuwa rangi ya damu ya mzee.

Binamu akasema mimi nazuia maendeleo. Sizuii. Yeye na mimi tulifanya kosa moja: yeye alijaza kwa kompyuta, mimi nilijaza kwa taa ya meza. Hakuna aliyemwuliza kwanza mwenye kanga. Na kuikumbuka zamani kwa utamu si dhambi. Siku ile ilikuwa tamu kweli, Bibi mwenyewe anasema hivyo. Ila utamu wake haukutoka kwenye behewa lile. Ulitoka kwa mtu aliyeunga vyuma vya watu wengine kwa miaka, akapata siku moja ya kuwakalisha wanawe juu ya kazi ya mikono yake. Tukisema tu kwamba "zamani watu waliishi", tunamnyang'anya Babu siku yake na kuikabidhi treni ya bara.

Wenzangu wa uhakiki nawaombeni jambo moja dogo. Kila nyumba ina picha kama hii, na wanaoweza kuifafanua wanazidi kupungua. Tukaulize mapema.

Picha yetu imebaki ukutani bila rangi. Nimeishusha mara moja tu, na chini ya yale maneno ya penseli, "Stesheni, 1963", nikaongeza kwa penseli vilevile: "Treni iliyo nyuma ni ya bara. Yetu iko upande wa pili. Kanga ni nyekundu."