Msumeno wa Kuvuta

Ndugu Mhariri ameniomba niandike habari za historia kwa ajili ya mkutano wetu. Wenzangu wataandika juu ya wakuu wa shule na vikombe vya mpira. Mimi, kama mlivyonijua, ni mtu wa karakana, nami nitaandika juu ya msumeno.

Mwaka 1983 nilikuwa mwalimu wa useremala katika shule moja ya bara. Akaja kijana wa Kijapani, mmoja wa wale wa kujitolea ambao mpango wao ulianzishwa na serikali yao mwaka 1965. Alikuja na msumeno wake mwenyewe, mwembamba ajabu. Nilicheka mbele ya wanafunzi, nikasema huo ni wa kukatia mkate. Kisha nikauchukua, nikausukuma kwenye ubao wa mninga kama nilivyofundishwa hapa shuleni. Ukapinda. Kijana hakusema neno. Aliunyoosha alivyoweza, akakanyaga ubao kwa mguu, akauvuta. Ubao ulikatika upesi, na pale chini unga ulikuwa kidogo sana.

Kwa miaka minane nilikuwa nimewafundisha watoto wa watu kwamba chuma chembamba ni chuma dhaifu.

Siri yenyewe ni hii. Ukanda wa karatasi ukiuvuta hunyooka; ukiusukuma hujikunja. Msumeno wa kusukuma hauna budi kuwa mnene usipinde. Meno ya msumeno wa Kijapani humwelekea mwenye kuushika, hukata unapovutwa, na kuvutwa huko ndiko kunakounyoosha. Kwa hiyo waweza kuwa mwembamba, ukala mbao kidogo na kuuchosha mkono kidogo. Mafundi wa Ulaya nao walilijua tatizo hili. Dawa yao mojawapo ilikuwa kuuwamba msumeno mwembamba katika fremu ya mbao. Wajapani, waliozoea kufanya kazi karibu na ardhi, ubao chini ya mguu, walivuta tu. Hata randa yao huvutwa.

Miaka mingi baadaye nilibahatika kufika Kobe, katika jumba la makumbusho ya zana za useremala la Takenaka, lililofunguliwa mwaka 1984. Nilisimama sana mbele ya patasi. Upande wake wa nyuma umechimbwa kidogo, nami (bado mjuaji!) nikadhani ni pambo. Kumbe ni kwa ajili ya kunoa: fundi hasugui bapa zima juu ya jiwe, bali kingo zake tu. Tena chuma kigumu cha makali kimefuliwa pamoja na chuma laini, ili kile kikate na hiki kizuie kisivunjike.

Aliyebuni hayo hatajwi popote. Yanagi Soetsu, ambaye mwaka 1925 pamoja na wafinyanzi Hamada na Kawai walizipa kazi za mafundi wasiojulikana jina la mingei, alizifungulia jumba lake Tokyo mwaka 1936. Mwanawe Sori, mbunifu wa samani za kisasa, ndiye aliyekuja kuliongoza tangu mwaka 1977.

Kijana yule alipoondoka aliniachia msumeno, na alama ya kupinda ingalipo. Nilifundisha nao hadi nilipostaafu. Kila mwanafunzi niliyemkabidhi alitaka kuusukuma kwanza, nami nikamshika mkono.