Hesabu ya Kugeuka Mapema
Mwaka 1944 mwanafizikia Edward Bowen, mzaliwa wa Wales na bingwa wa rada, alihamia Australia, na huko chini ya uongozi wake kikabuniwa chombo cha kumjulisha rubani umbali wake na mnara wa redio, kwa kupima muda wa mawimbi kwenda na kurudi. Na kwa chombo hicho ndege iliweza kuuzunguka mnara kwa umbali usiobadilika, ikifuata upinde mpaka kuikabili njia ya kutua, hata mawingu yakiwa yameziba kila kitu.

Ndege za pangaboi hazikupata taabu kubwa kuuingia upinde huo na kuuacha, kwani ziliumudu mgeuko wa digrii 3 kwa sekunde. Bali za jeti, kwa kasi yao, mgeuko huo ungezilaza ubavu kupita kiasi, na zikilazwa digrii 30 tu, duara lao hutanuka upesi kuliko kasi inavyozidi. Ndipo jeshi la anga la Marekani likafundisha hesabu ya kichwani ya kupata nusu kipenyo cha mgeuko: maili za baharini zinazokatwa kwa dakika, toa 2. Aendaye maili 4 kwa dakika, akiuelekea upinde wa maili 15 kutoka nje, huanza kugeuka kwenye 17. Na kwa kuwa kwenye umbali wa maili 60 digrii moja ina upana wa takriban maili moja, kwenye 15 kila maili ni digrii 4, basi huuacha upinde digrii 8 kabla ya njia ya kutua. Hesabu hii huzidisha kidogo, nami naiona afadhali, maadamu aliyewahi aweza kuulegeza mgeuko wake, ilhali aliyechelewa hana budi kuilaza ndege zaidi.