Nembo ya Usonji: Hoja Dhidi ya Kipande cha Fumbo

Mjadala wa nembo ya usonji ukianza, hakosekani mtu wa kuuliza: nembo itamsomesha nani? Mtoto hana kitengo cha elimu maalumu karibu na kwao, hana mtaalamu wa tiba ya usemi, nasi tumekaa kubishania mchoro. Hoja hii ina uzito, hasa Afrika Mashariki ambako huduma ni chache na wazazi wengi huhangaika miaka kabla ya kuelezwa usonji ni nini. Kasoro yake ni kudhani kwamba mchoro na huduma havikutani. Mfadhili, mwajiri na mwalimu mkuu huona nembo kabla hawajamwona mtu, na kwayo huamua ni msaada wa namna gani unaotakiwa. Kwa zaidi ya miaka 60 kipande cha fumbo la picha kimewaelekeza vibaya.

Historia yake haina ubishi mkubwa. Mwaka 1963 chama cha wazazi cha Uingereza ambacho leo ni National Autistic Society kilipokea mchoro wa Gerald Gasson, mzazi na mjumbe wa kamati: kipande cha fumbo, na ndani yake mtoto analia. Kamati ilivutiwa kwa kuwa mchoro haukufanana na nembo za mashirika mengine ya hisani, na kwa kuwa hali yenyewe iliwatatiza. Watoto wao, walivyoona, hawakuingiliana na wenzao. Chama hicho baadaye kiliiacha nembo hiyo, lakini ilikwisha kupata warithi. Mwaka 1999 chama cha usonji cha Marekani kilitandaza vipande hivyo kwenye utepe, na shirika la Autism Speaks, lililoanzishwa 2005, likachukua kipande kimoja cha buluu. Umoja wa Mataifa ulipoitenga tarehe 2 Aprili kuwa siku ya usonji duniani, kipande kilipata na msimu wake.

Watetezi wake husema machozi ya 1963 yamesahaulika, na kwamba siku hizi kipande humaanisha kila mmoja ana nafasi yake katika picha kubwa. Dai hili linapimika, na Morton Ann Gernsbacher na wenzake wamelipima katika utafiti uliochapishwa na jarida la Autism. Waliwachukua watu 400 wa kawaida nchini Marekani. Jaribio la kwanza lilikuwa la kasi: mshiriki alitakiwa kupanga picha na maneno upesi, bila nafasi ya kupamba jibu, ili ionekane akili yake huunganisha nini na nini. La pili, lililoazimwa kwa watafiti wa masoko, liliuliza waziwazi picha hiyo inahusishwa na nini. Majaribio yote mawili yaliegemea upande mbaya. Washiriki waliviona vipande hivyo kuwa alama ya kutokamilika, dosari na ajabu.

Wengi wanaounukuu utafiti huu huishia hapo, nami naona wameacha kilicho bora. Gernsbacher na wenzake walipima pia vipande vya kawaida visivyohusiana na usonji, navyo vilileta fikra zilezile. Ina maana si usonji ulioharibia kipande jina, bali kipande ndicho kinachoupelekea usonji sifa mbaya. Kwa hiyo kuongeza rangi, kama Autism Speaks walivyofanya 2020, hakugusi tatizo. Jarida lenyewe, lililokuwa na kipande hicho kwenye jalada, lilikiondoa 2018.

Watasema hao ni Wamarekani, waliokua na mchezo huo sebuleni. Ni kweli, na huku kwetu wapo watakaokiona kipande mara ya kwanza kwenye bango la 2 Aprili. Nguvu ya fikra hizo yaweza kutofautiana. Lakini umbo lenye mapengo na vichomozi hujitangaza lenyewe kuwa limebanduliwa mahali, hata kwa asiyewahi kucheza.

Pingamizi jingine ni zito zaidi: watu wenye usonji wenyewe hawakuulizwa. Hapa lazima tutenganishe maswali mawili. Kama nembo inadhuru, shahidi anayefaa ni umma, maana ndio unaosemeshwa. Nini kiwekwe badala yake, hilo si la umma wala la wazazi peke yao.

Wenye usonji walikwisha kujibu. Siku ya Fahari ya Usonji, 18 Juni, ilianzishwa 2005 na kundi lao, Aspies For Freedom, na alama inayoambatana nayo ni tarakimu nane iliyolala, yenye rangi za upinde wa mvua. Baadhi ya wazazi wa watoto wasiosema wanailaumu kwamba inafunika shida kwa rangi. Siwalaumu kwa uchungu wao, ila wanaidai nembo kazi isiyo yake. Susanne Koefoed alipochora alama ya kiti cha magurudumu mwaka 1968, mchoro haukuwa na kichwa. Karl Montan ndiye aliyekiongeza ili kiti kionekane kina mtu. Hakuna anayeitaka alama hiyo ieleze maumivu ya miguu. Ikibandikwa mlangoni, inaahidi kwamba mlango unapitika.

Hapo ndipo hata nane iliyolala inapopungukiwa: inatangaza fahari lakini haimdai mwenye jengo chochote. Utepe wa kijani wenye maua ya alizeti, ulioanza uwanja wa ndege wa Gatwick 2016 kwa ajili ya ulemavu usioonekana, umekaribia zaidi. Huvaliwa kwa hiari ya mhusika, na mfanyakazi aliyefundishwa akiuona anajua ampe mtu muda na maelezo ya ziada. Kwa maoni yangu nembo ya usonji yenye heshima itatoka upande huo: itachaguliwa na wenye usonji, na itabandikwa tu mahali palipokwisha kupunguza kelele, kufifisha taa na kufupisha foleni.