Mgeni wa Gazi Kutoka Nchi ya Barafu

Dada yangu anafanya kazi ya usafi katika hoteli moja ya Diani. Mgeni mmoja alipofunga mizigo yake kurudi kwao, alimwachia kitabu cha picha cha watoto. Ni kitabu cha wanyama wa Aktiki, ile nchi ya barafu iliyo kwenye ncha ya kaskazini ya dunia. Maneno yake ni ya Kijerumani, lugha nisiyoijua. Kwa hivyo kila nikifika kwao Gazi, wapwa zangu wawili hunikalia mapajani nami hutunga maelezo yangu mwenyewe kutokana na picha. Huyu dubu mweupe. Huyu sili, amelala juu ya bonge la barafu. Huyu mbweha, naye mweupe pia. Tukifika kwa bundi, yule mkubwa wa miaka sita hufunika ukurasa kwa kiganja. "Huyo uchuro, mjomba. Pita."

Jioni moja mdogo wake aliuliza: "Mjomba, hawa wote wanakaa ndani ya friji?"

Nilicheka, na nyumba nzima ikacheka. Mtoto akanuna, akashuka mapajani, akaenda zake nje.

Baadaye nilijiona mjinga. Barafu kwake ni nini? Ni ile ya ukwaju na ubuyu inayouzwa nyumba ya pili, na ile inayopondwa kufunikia samaki. Zote zatoka kwenye friji. Amefikiri sawasawa. Hata maneno yetu yenyewe ni ya kuletwa. Barafu ni neno la Kiajemi, na huko kwao maana yake ni theluji. Theluji nayo tumeipata kwa Waarabu. Pwani isiyoangukiwa na hata chembe ya theluji ilipokea majina mawili kutoka ng'ambo, jina la pili likapewa kile kitu cheupe cha milimani.

Kicheko changu kina historia. Mnamo Aprili 1848 mmishonari Mjerumani, Johannes Rebmann, alitoka Rabai, nyuma ya Mombasa, kwenda Uchagani pamoja na msafara ulioongozwa na Bwana Kheri, Mswahili aliyezijua njia za bara. Tarehe 11 Mei waliiona Kilimanjaro. Rebmann aliona weupe juu ya mlima akadhani ni wingu. Alipomuuliza aliyekuwa akimwongoza, alijibiwa kwa neno moja tu: baridi. Kwa neno hilo Rebmann akatambua kwamba anatazama theluji.

Mwongozaji huyo hakuwa na jina la kile kitu. Alichokuwa nacho ni kile ambacho ngozi ya mtu hukijua akikaribia kule juu, nacho kilitosha. Kulikuwa pia na habari kwamba watu waliwahi kuuteremsha ule weupe wakidhani ni fedha, wakafika chini na maji matupu.

Habari ya Rebmann ilipochapishwa Uingereza mwaka 1849, haikuaminiwa na wote. William Desborough Cooley, bingwa wa jiografia ya Afrika ambaye hakuwahi kuikanyaga Afrika, alishikilia kwamba theluji karibu na ikweta haiwezekani, na kwamba mmishonari yule ameona mambo ya kufikirika. Ubishi uliendelea kwa miaka. Mwaka 1862 Karl Klaus von der Decken na Otto Kersten walipanda mlima hadi kupita mita 4,000, theluji ikawaangukia. Hata hapo Cooley hakukubali.

Basi nilimwita mpwa wangu, nikamwomba radhi. Nikamwambia ndiyo, ni kama friji, lakini friji isiyo na mlango, ukubwa wake kupita Kenya yote. Akaniuliza kama mimi nimefika. Sijafika. "Sasa umejuaje?"

Swali la haki. Nilimjibu Septemba, maji yalipokupwa, tukateremka sote watatu hadi pwani. Kwenye tope mbele ya mikoko kulikuwa na vitwitwi, wale ndege wadogo wa kijivu ambao hakuna mtu anayewatazama mara mbili. Mmoja wao, mwenye mdomo mrefu uliopinda kidogo kuelekea chini, wataalamu wanamwita Calidris ferruginea. Uzito wake ni kama gramu 60, sawa na yai la kuku. Huzaliwa kaskazini kabisa mwa Siberia, kwenye Aktiki yenyewe, kisha huruka zaidi ya kilomita 8,000 kuja kula huku kwetu. Wakubwa hutangulia kusi likiwa bado linavuma, vijana hufuata nyuma. Ikifika Aprili kijivu chao hugeuka rangi ya kutu, nao huanza safari ya kurudi.

Tulikuwa tumekibeba kitabu. Nikafungua ukurasa wa mbweha mweupe. Chakula chake kikuu ni panya wa kule, lemingi, ambao mwaka mmoja hufurika na mwaka mwingine huadimika. Wakiadimika, mbweha hugeukia mayai na makinda ya ndege hawa. Mwaka 1987 watafiti wawili, Summers na Underhill, walionyesha kwamba idadi ya vijana wanaofika kusini mwa Afrika hupanda na kushuka pamoja na lemingi wa Siberia. Yaani njaa ya mbweha yule husomeka kwenye fukwe za Afrika. Na Aktiki sasa inapata joto haraka kuliko dunia kwa jumla. Theluji inayeyuka mapema, na wadudu ambao makinda huwategemea hutoka kabla ya wakati wao.

Haya ya mwisho sikuwaambia yote. Nilisema tu kwamba kule kukiharibika, hapa patapungua.

Mdogo alimtazama ndege, akatazama picha, akamtazama ndege tena. "Mbona huyu hayumo kitabuni?"

Mkubwa alikuwa ameshaanza kuhesabu. Alifika kumi na tisa, wakaruka wote pamoja, wakatua mbele kidogo, akaanza upya. Siku hizi kwenye jalada la ndani la kile kitabu pana namba kwa penseli, na ndege aliyechorwa na mdogo, mkubwa kuliko dubu.