Lori Linalovuta Kushoto

Mafundi wa chini ya gari wa Nyanda za Juu Kusini tuna mama mmoja, naye ni barabara ya Dar es Salaam kwenda Tunduma. Tarehe 11 Novemba 1965 waziri mkuu wa Rhodesia, Ian Smith, alijitangazia uhuru wa walowezi, na Zambia, ambayo mafuta yake yalipitia huko, ikabaki imeshikwa koo. Desemba mafuta yakakatwa. Ndege zikaanza kubeba mapipa kutoka Dar es Salaam, lakini ndege haziwezi kuwasha taa za nchi nzima, basi malori yakaingia njiani: mapipa ya mafuta kwenda, shaba kurudi. Njia yenyewe, kwa sehemu kubwa, ilikuwa udongo mtupu. Masika tope, kiangazi vumbi. Waingereza waliibandika jina la mbio za jehanamu, na kwa mara moja hawakutia chumvi.

Mwaka 1966 serikali za Zambia na Tanzania ziliungana na Waitaliano kuanzisha kampuni ya Zambia-Tanzania Road Services, na malori ya Fiat yakajaa barabarani. Humo ndimo alimoanzia mzee aliyenifundisha kazi, wakati huo kijana utingo, kabla hajaweka jeki zake chini ya mti hapa Makambako. Kila nikimwuliza habari za miaka ile, alipita haraka kwenye chui na ajali na wizi wa mafuta, akatulia kwenye mabati. Mabati ni yale matuta madogo ya mfululizo yanayojichora kwenye barabara ya changarawe. Lori lenye mzigo likikanyaga mabati kutwa nzima, kila kiungo cha stelingi kinagongwa bila kupumzika, na vumbi likishaingia kwenye grisi, grisi inakuwa msasa. Dereva aliyeondoka Dar es Salaam na stelingi iliyobana alifika Mbeya akizungusha usukani robo nzima kabla magurudumu hayajajua kuwa ameamua kukata kona.

Ekseli yenyewe tunayoihangaikia ina umri mkubwa kuliko injini. Ya lori ni chuma kimoja kutoka gurudumu hadi gurudumu, juu yake zimelala springi za bapa, na asili yake ni mabehewa ya farasi. Zamani behewa lilikata kona kwa kugeuza ekseli nzima juu ya pini moja ya katikati. Likikata kona kali mno, linaelekea kupinduka. Kati ya 1816 na 1818 mtengenezaji mabehewa wa Munich, Georg Lankensperger, alikuja na njia nyingine: ekseli itulie, zigeuke ncha zake tu, na gurudumu la ndani ya kona ligeuke zaidi kidogo kuliko la nje. Wakala wake, Rudolph Ackermann, akaisajili hataza London mwaka 1818, na mpaka leo mpango huo unaitwa kwa jina la wakala. Lankensperger anajulikana na wachache. Kila nikigonga kingpini itoke kwenye jicho la ekseli ya lori la Fuso, nagonga wazo la mtu aliyekuwa akiwafikiria farasi.

Kingpini ndiyo hiyo pini ya kila ncha. Imesimama, lakini haijasimama wima kabisa. Kichwa chake kimelala nyuma kidogo, na mlalo huo mdogo ndio unaolirudisha gurudumu mbele lenyewe ukiachia usukani baada ya kona. Ukipotea, lori linahangaika barabarani na dereva anashinda akilirekebisha mpaka mabega yanamuuma.

Sasa, madereva huja na malalamiko mawili wakidhani ni moja. “Fundi, stelingi inacheza halafu gari inavuta kushoto.” Mzee alikuwa akiwakatiza hapo hapo: “Kipi, bwana mdogo? Kucheza au kuvuta?” Kucheza ni kulika: bushi, tairodi, dragilinki, boksi la stelingi. Kuvuta ni kutolingana, upande mmoja una kitu ambacho mwenzake hana. Lori linaweza kucheza bila kuvuta, likavuta bila kucheza hata kidogo, na anayeyachanganya atakula hela ya mtu bila kuponya chochote.

Kwa kuvuta alianza na barabara yenyewe. Sisi tunapita kushoto, na barabara imeinuliwa katikati ili maji yamwagike pembeni, kwa hiyo kila gari linateremka kushoto kidogo kidogo. Alfajiri, barabara ikiwa tupu na inaonekana mbali, alilipitisha lori upande wa kulia. Likivuta kulia sasa, anarudi gereji, anamwambia mwenye lori akanywe chai. Likiendelea kushoto, anapima upepo, kisha anabadilishana matairi ya mbele, la kushoto kulia na la kulia kushoto. Uvutaji ukihama na tairi, mgonjwa ni tairi. Baadaye anapapasa habu baada ya safari fupi. Habu iliyo moto kuliko mwenzake ina breki isiyoachia.

Halafu kamba. Hapa ndipo nilipomwona akishinda gereji zenye mashine. Lililetwa Leyland la mahindi kutoka Songea, limeshapita kwa fundi mwingine, limefungwa matairi mapya na boksi limekazwa, na bado linakwenda upande kama kaa. Mzee alifunga kamba katikati ya habu ya mbele, akaivuta hadi katikati ya habu ya nyuma, akapiga fundo. Akaihamishia upande wa pili. Fundo halikufika. Ekseli ya mbele ilikuwa imerudi nyuma upande mmoja, maana senta bolti, ile inayoyashona majani ya springi na kuishikilia ekseli mahali pake, ilikuwa imekatika. Nayo ilikatika kwa sababu springi ziliwahi kubadilishwa na hakuna aliyerudi kukaza yubolti baada ya safari ya kwanza ya mzigo. Springi mpya hukaa, yubolti hulegea, na nguvu zote za kufunga breki zinaishia kwenye bolti nyembamba kuliko kidole.

Land Rover zilikuwa na tabu zao, na za serikali tulizitengeneza sana. Ile 109 ya springi za bapa ina boljointi sita kutoka boksi hadi magurudumu. Kila moja ikilika kidogo tu, jumla yake inatisha. Katikati ina rilei iliyochomekwa ndani ya chesi, na ndani ya rilei kuna springi iliyobanwa kwa nguvu. Asiyejua akiifungua, springi inaruka na inaweza kumtoa jicho. Mzee aliifunga kwa gunia na waya kwanza, ndipo akaigusa. Nilidhani ni woga wa uzee, mpaka nilipoona tundu kwenye bati la paa la jirani yetu wa gereji.

Kwenye barabara yetu lami ilifika mwanzoni mwa miaka ya 1970. Bomba la mafuta la TAZAMA lilikuwa tayari tangu 1968, na reli ya TAZARA, kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi, ikakabidhiwa mwaka 1976. Watu walisema malori yamekwisha. Hayakwisha, ila yalichoka. Vita vya Kagera, 1978 hadi 1979, vilichukua malori ya watu binafsi kwenda kubeba askari na vyakula, na yaliyorudi yalirudi hoi. Fedha za kigeni zikaadimika, maduka ya spea yakabaki na mafeni belti ya magari ambayo hakuna aliyekuwa nayo. Mwaka 1983, wakati wa msako wa wahujumu uchumi, mtu mwenye boksi la beringi uvunguni alilala na hofu.

Miaka hiyo ndiyo iliyotufanya mafundi, na ndiyo iliyotuharibu. Ilitufanya, kwa sababu bushi ya kingpini ilikerezwa kwa shaba kuukuu kwenye leti za karakana za misheni, na kingpini iliyolika ilijazwa kwa kuchomelea kisha ikakerezwa upya. Bushi za springi tulizikata kwenye raba ya tairi chakavu. Kazi nyingine zilikuwa nzuri kiasi kwamba nimewahi kufungua lori miaka mingi baadaye nikakuta shaba ya mzee ingali inang’aa.

Ilituharibu kwa sababu ya bolti moja. Juu ya stelingi boksi kuna bolti ya kurekebishia yenye nati ya kufungia. Ukiikaza, mchezo kwenye usukani unapungua papo hapo, bila spea na bila senti. Dereva anafurahi, analipa, anaondoka. Lakini meno ya boksi hulika zaidi katikati, pale usukani unapokaa siku nzima lori likienda moja kwa moja. Pembeni hayajalika. Ukikaza mpaka katikati kubane, kwenye kona yanang’ang’ania, na usukani haurudi. Hapo umemtoa dereva kwenye stelingi inayocheza ukampa inayokwama, na kingpini na tairodi zilizolika ziko pale pale. Wakati wa shida tuliwasamehe waliofanya hivyo. Mwaka 1984 serikali iliruhusu mwenye fedha zake za nje alete bidhaa, spea zikarudi polepole, ila tabia ya kukaza boksi haikurudi ilikotoka. Ipo mpaka leo, na vijana wanaifundishana kama ufundi.

Pawa stelingi imezidi kuuficha ugonjwa. Mhandisi Francis Davis aliifunga kwenye gari la Pierce-Arrow huko Marekani mwaka 1926, lakini kwetu ilichukua miaka mingi kuwa jambo la kawaida kwenye lori. Inampunguzia dereva jasho, sina ugomvi nayo. Ila hidroliki inapomsukumia usukani, mikono yake haisikii tena kiungo kinachogonga, na kingpini inakufa bila kutoa taarifa. Zamani dereva alikuja kwangu akiwa na maumivu ya bega. Siku hizi anakuja tairi za mbele zikiwa zimekwisha upande.

Kwa hiyo, mwenye lori, kabla hujapakia mzigo wa kushuka mlima wa Kitonga, fanya hivi. Weka jeki chini ya ekseli, inua gurudumu la mbele, weka gogo. Shika tairi juu na chini ulitikise. Likicheza, mwambie utingo akanyage breki, utikise tena. Mchezo ukipotea, ni beringi za habu. Ukibaki, ni kingpini. Na grisi ya kingpini ipigwe gurudumu likiwa hewani, maana uzito ukiwa juu yake grisi haifiki chini kunakolika. Boksi liguswe mwisho, baada ya vingine vyote. Fundi atakayeanza na ile bolti ya juu ya boksi, mlipe nauli ya kurudi kwao na utafute mwingine.