Kileo, Mkahawa na Ramani ya Mji: Gihundwe katika Historia ya Vibali vya Pombe

Mkakati wa Pili wa Maendeleo ya Uchumi na Kupunguza Umaskini wa Rwanda, ulioanza mwaka 2013, uliiteua Rusizi kuwa mmoja wa miji sita ya upili, pamoja na Huye, Muhanga, Musanze, Nyagatare na Rubavu. Kwa umurenge wa Gihundwe, uliopakana na kitovu cha biashara cha Kamembe, uteuzi huo uliibua maswali ya barabara, viwanja na majitaka. Makala haya yanashughulikia swali ambalo wapangaji miji huwaachia makarani: katika mji unaojengwa upya, ni nani anayeruhusiwa kuuza kileo? Tunadai kwamba tangu zama za ukoloni ruhusa hiyo imefuata mahali na jengo kuliko kinywaji chenyewe, na kwamba mtengenezaji wa urwagwa ndiye aliyeumia zaidi kila ramani ilipochorwa upya.

Ramani ya kwanza haikuchorwa Afrika. Mkataba wa Brussels wa tarehe 2 Julai 1890 ulizuia biashara ya pombe kali kati ya latitudo 20 Kaskazini na 22 Kusini, na hivyo kuiweka Gihundwe ndani ya ukanda wa udhibiti miaka minne kabla ya von Götzen kuvuka Rwanda. Mkataba wa Saint-Germain wa 1919 uliendeleza katazo hilo, na kifungu cha 5 cha udhamini wa Ubelgiji juu ya Ruanda-Urundi kikaidai serikali ya kikoloni usimamizi mkali wa uuzaji wa pombe kali. Kilichoogopwa ni chupa iliyoletwa kwa meli. Pombe ya ndizi, iliyokuwa sehemu ya mahari, mazishi na upatanisho, haikuwa shabaha ya mikataba hiyo.

Huko Gihundwe kwenyewe historia ilikuwa na upinde wake. Wamisionari wa Kipentekoste kutoka Sweden walianzisha hapo mwaka 1940 kituo kilichozaa kanisa linaloitwa leo ADEPR, ambalo waumini wake hujiepusha na kileo. Miaka 17 baadaye Bralirwa ilianzishwa Gisenyi, ncha nyingine ya Ziwa Kivu, na bia ya chupa ikapata kiwanda ndani ya nchi. Basi kuizungumzia pombe Gihundwe kama suala la mapato peke yake ni kuusahau ujirani wa watu wasiokunywa.

Nairobi ilichukua njia tofauti. Kwa kuiga Durban, halmashauri yake ilijipa ukiritimba wa pombe ya kienyeji na kufungua kilabu Pumwani mwanzoni mwa miaka ya 1920. Faida ilielekezwa kwenye huduma za Waafrika mjini, na wanawake waliopika pombe majumbani wakageuzwa wahalifu. Jimbo la Michigan, Marekani, lilifanya biashara ya namna nyingine waziwazi: sheria namba 501 ya 2006 iliruhusu leseni za ziada, nje ya idadi iliyowekwa kwa kila mji, kwa mikahawa na kumbi zilizo katika maeneo ya uendelezaji upya. Mwombaji alitakiwa kuonyesha uwekezaji wa angalau dola 75,000 katika ukarabati wa jengo na kulipa ada ya dola 20,000. Sheria hiyo ina ukweli mmoja unaostahili heshima: inakiri kwamba leseni ni malipo ya jengo.

Nchini Rwanda malipo hayo hayatamkwi, ila yapo. Chini ya sheria ya utalii ya 2014, mikahawa na baa huingia katika mfumo wa leseni za Bodi ya Maendeleo ya Rwanda, mbali na ipatanti inayolipwa kwa wilaya. Uzito wa kupangwa katika kundi moja au jingine ulidhihirika wakati wa janga la UVIKO-19. Mikahawa ilifunguliwa tena Mei 2020; baa zilisubiri hadi Septemba 2021. Rusizi, mpakani na Bukavu, iliwekewa karantini ya peke yake Juni 2020. Katika miezi hiyo wenye baa wengi nchini walijigeuza mikahawa: jiko likawashwa, sahani zikapangwa, na chupa ikatoka pamoja na mishikaki. Ujanja? Kwa sehemu. Lakini mwenye uwezo wa kuongeza jiko ndiye aliyeendelea kupata mkate wake, na kibanda cha urwagwa hakikuwa na pa kuliweka jiko. Kuanzia Septemba 2023 saa za kufunga biashara za usiku ziliwekwa kuwa saa saba usiku siku za kawaida na saa nane Ijumaa na Jumamosi, kipimo kimoja kwa Kigali na kwa Gihundwe.

Kwa washauri wa sera, suala la haraka ni masharti ya jengo. Iwapo kibali kitategemea vigae, choo cha kisasa na maegesho, basi mpango wa mji utakuwa umekwisha kuchagua bia ya chupa kabla diwani yeyote hajapiga kura. Wilaya inaweza kuyagawa masharti hayo: usafi na usalama wa kinywaji yawe lazima kwa wote, bali thamani ya jengo iwe sharti katika mitaa ya katikati pekee, huku soko likitengewa vyumba vya pamoja vya urwagwa uliopimwa ubora. Swali la umbali kati ya vyumba hivyo na makanisa ya Gihundwe lijadiliwe na wakazi katika vikao vya umurenge kabla viwanja havijagawiwa.