Kihamba Hakitunzi Sauti

Sisi watu wa Moshi tunajua kuzika. Mtu akifia Dar es Salaam, Mwanza au hata ng'ambo, daftari la michango linapitishwa, gari linakodiwa, mwili unarudi mlimani. Anazikwa kihambani, kwenye migomba ya babu yake, na sale linapandwa. Kwa hilo marehemu hatudai kitu. Lakini akiwa mwanamuziki je? Sauti yake tunaizika wapi?

Nauliza kwa sababu nimemzika rafiki yangu, mpiga solo. Alipiga kwenye harusi na baa za Majengo na Pasua mpaka vidole vikaota sugu. Tulimrudisha kwao Kibosho, tukamlilia, tukala, tukanywa mbege. Baada ya matanga tukaanza kutafuta kanda zake. Ndugu zangu, hakuna hata moja! Miaka yote ile ya muziki imebaki vichwani mwetu, na vichwa vyenyewe ndivyo hivi vinavyosahau.

Marehemu ndiye aliyenifundisha kumsikiliza Frank Humplick, na hapo ndipo uchungu wangu unapozidi. Maana Frank alizaliwa hapa hapa Moshi mwaka 1927, baba Mzungu, mama Mchaga. Miaka ya 1950 aliimba na dada zake wawili, Thecla Clara na Maria Regina. Gitaa na sauti tatu, Kiswahili na Kichaga, basi. Ila ili wasikike iliwabidi waende Nairobi, kwa kuwa studio na kampuni za santuri za Afrika Mashariki zilikuwa huko. Santuri za wakati ule zilizunguka mara 78 kwa dakika, na upande mmoja ulibeba kama dakika tatu tu. Dakika tatu! Lakini zilitosha. Wazee wanasimulia kwamba mmoja wa nyimbo zake, uliogusia uhuru wa nchi zetu, ulipigwa marufuku na wakoloni. Mkoloni kaondoka, wimbo upo. Frank mwenyewe alifariki Lushoto mwaka 2007, na mpaka leo kijana akitaka kumsikia anamsikia.

Sasa tazama Morogoro. Salum Abdallah wa Cuban Marimba alikufa kwa ajali ya gari mwaka 1965. Mbaraka Mwinshehe naye ajali ikamchukua huko Mombasa mwaka 1979. Wote walikufa mapema, wote waliacha pengo. Lakini sauti zao zilikuwa zimeshanaswa, kwa hiyo aliyezaliwa baada yao anaweza kubishana nani alikuwa mkali zaidi. Huo nao ni uhai.

Baada ya uhuru, Radio Tanzania Dar es Salaam ndiyo iliyokuja kuwa mrekodi mkubwa wa bendi zetu. Kazi kubwa ilifanyika, wala siibezi. Lakini kutoka Moshi hadi Dar ni zaidi ya kilomita 500. Bendi ya watu kumi, wengine vibarua, wengine mafundi cherehani, nauli itoke wapi? Vyombo vipakiwe na nani? Ndiyo maana bendi ya harusi ilipiga Jumamosi, ikalipwa, ikalala, na muziki wake ukaishia pale pale chini ya turubai.

Leo kisingizio hicho hakipo. Simu ya mfukoni inarekodi, na mjini studio ndogo zipo. Kinachokosekana ni ile kamati. Tunaunda kamati ya harusi, kamati ya kipaimara, kamati ya msiba. Ya kumrekodi mpiga gitaa akiwa bado ana pumzi hatuna.

Msomaji, mtaani kwako yupo mmoja. Unamjua. Kabla hatujachangia jeneza lake, tumchangie saa mbili za studio.